Siku Nilipomfuta Babu

Kompyuta kuukuu iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa ina harufu yake. Vumbi la ndani linapata moto polepole, na harufu inayotoka ni kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya shuka, kabla shuka halijaanza kuungua. Wenzangu kazini hawaijali. Mimi nikiisikia natoka nje na kusingizia simu. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili, tena kazi yangu ni kuwafundisha watu kutumia hizo hizo kompyuta, lakini harufu ile ikinifika nakuwa kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani kwetu Kibiti, nikaiwasha ile ya baba, na ikabidi nivute kiti nikae.

Ninyi wa rika langu mnazikumbuka kompyuta za majumbani za wakati ule, kioo kizito chenye mgongo mkubwa, na kitambaa cha kufuma juu yake kana kwamba inasikia baridi. Ya kwetu ilikaa kwenye kona ya sebule. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia. Aliinunua ikiwa imeshatumika na watu wengine, akaiwekea sheria moja tu: hakuna kuigusa bila kunawa mikono kwa sabuni. Yeye mwenyewe alikuwa ananawa, anajifuta kwa taulo lake, ndipo anakaa. Shule nzima ilimwogopa baba yangu. Mashine yake haikumwogopa hata kidogo. Ilijaa virusi kutoka kwenye flashi za steshenari za mjini, na ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji, ukarudi, ukaikuta bado inajikongoja.

Aliinunua kwa ajili ya mitihani ya shule, lakini kitu cha maana kilichokuwa ndani yake kilikuwa majina. Ukoo wetu ni wa Mbwera, kule deltani. Kila mwaka mwezi wa Shaabani, kabla ya kufunga, tunawarehemu wazee wetu. Inasomwa hitima, ubani unafukizwa, na majina ya waliokufa yanatajwa moja moja kwa sauti, jina la mtu na la baba yake, ndipo wali unapakuliwa. Majina hayo babu aliyaandika kwenye daftari kwa herufi za Kiarabu, akalitunza ndani ya bati la biskuti. Mwaka mmoja mafuriko ya mto na maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, yalikutana ndani ya nyumba yake. Bati lilielea vizuri, ila kifuniko hakikushika, na daftari lilipotolewa wino wote ulikuwa umegeuka rangi moja kama chai. Babu akaja kwetu Kibiti na majina yote kichwani, akamwambia baba ayatoe upesi kabla kichwa nacho hakijaingia maji.

Basi kila siku baada ya swala ya alasiri walikaa mbele ya kompyuta, babu anataja, baba anachapa kwa vidole viwili, na mimi niko mkekani nimeegemea mguu wa meza. Babu hakuweza kutaja jina likaenda hivi hivi. Lazima aongeze neno. Huyu aliogopa mamba maisha yake yote, mwishowe akafa kitandani kwake. Huyu akipiga chafya ndege wanaruka shamba zima, ikawa hakuna haja ya kumtafuta mtu wa kuwinga. Huyu alikuwa hali wali, anakula ukoko tu. Huyu alimpenda mke wa mtu. Hapo baba alikohoa na kusema, "Baba, mtoto yupo," na babu akajibu kwamba mtoto naye ataolewa, ajue mapema.

Mimi aliniita mke wangu, kama babu wote wanavyowaita wajukuu wao, na alinidai chai kama mume anayedai haki yake. Siku walipomaliza alikigonga kioo cha kompyuta kwa fimbo, taratibu, akasema, "Sasa mke wangu sikiliza. Hili sanduku la baba yako likija kunisahau, nitakuja kuuliza. Simuulizi yeye, ana kazi nyingi. Nitakuja kukuuliza wewe."

Watu wazima walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu wao walicheka. Lakini neno lile nililishika jinsi lilivyo, maana babu alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Alisema ataniletea kasa wa kuchonga, akaleta. Alisema hatamaliza mwaka, na hakumaliza. Alizikwa Mbwera. Baba aliporudi kutoka mazikoni alinawa mikono, akafungua orodha, akaandika jina la babu mwisho kabisa. Alilifuta, akaliandika tena, akazima.

Mwaka uliofuata alikuja kijana wa mazoezi ya kufundisha, Mwalimu Sanga, mtu wa Makete, akapewa chumba cha uani kwetu. Joto la Kibiti lilimtesa vibaya. Alikaa na ndoo ya maji karibu kama mtu anayelinda moto. Huyu ndiye aliyenionyesha kwamba kompyuta inaweza kuendeshwa na kitu kingine zaidi ya Windows. Alikuwa na sidii aliyoiandika kwa kalamu nyeusi "Linux", na aliniambia watu wa dunia nzima wameitengeneza bila kulipwa, wakaitoa bure, na virusi vya flashi haviiwezi.

"Nani anatengeneza kitu halafu anakitoa bure?" nilimuuliza.

"Ndo hivyo, mdogo wangu. Kama watu wanaochimba kisima. Anayekuja anateka."

Alinionyesha siku moja kwenye mashine ya shule. Unaweka sidii, unawasha, vinakuja visanduku viwili, kimoja cha kujaribu na kingine cha kusakinisha. "Hapa ndo pa kuwa makini," alisema. "Cha kujaribu hakina neno. Hiki kingine ukikosea, hii mashine inafutika yote, hata jina la baba ako hutaliona." Muda wake ulipoisha alinipa ile sidii kama zawadi, akanisisitiza nisiiguse mpaka baba awepo, akapanda basi kurudi kwenye baridi yao.

Shaabani ikaingia. Hitima ilipangwa iwe kwetu Kibiti siku ya Ijumaa, na Alhamisi baba angekwenda na flashi mjini kuchapisha orodha. Alikuwa analalamika kila siku kwamba kwa mwendo wa mashine ile, orodha itatoka baada ya Idi. Nilimpenda baba yangu na nilitaka anisifu, ndilo kosa langu. Jumamosi asubuhi yeye akiwa shuleni na mama yuko Mtawanya anavuna mpunga, nilinawa mikono, nikavua kile kitambaa, nikaiweka sidii.

Visanduku viwili vikaja. Nilibonyeza cha kujaribu. Leo hii naweza kuapa. Lakini mausi yetu ilikuwa na gololi chini iliyojaa uchafu, mshale unaruka ruka, na mkono wangu ulikuwa umelowa jasho. Kompyuta ikanguruma, kioo kikawa cheusi, na kabla hata ya kuhesabu kumi nilikuwa sina uhakika tena ni kipi nilichobonyeza.

Kilipowaka kilikuwa na rangi ya zambarau, kisafi. Hakuna ile picha ya milima aliyoiweka baba kiooni, hakuna mafaili ya mitihani. Kwa dakika moja nilifurahi. Mshale ulikwenda ninakoupeleka, na nikaona hata mchezo wa karata. Kisha nikatafuta mahali pa nyaraka, nikafungua. Palikuwa peupe. Nikafungua kila kilichokuwa na umbo la kufunguka, na kote ni peupe. Nilichomoa waya ukutani. Nikangoja, nikachomeka, nikawasha tena huku nikisoma Kul huwallahu. Visanduku vikaja, sikuvigusa, vikapita vyenyewe, na zambarau ile ile ikarudi, na weupe ule ule. Nikachomoa, nikafunika kitambaa, nikakinyoosha pembe zote nne jinsi mama anavyokinyoosha.

Nilikuwa nimemfuta babu. Si yeye tu, na wote walio juu yake, lakini aliyeahidi kuja ni yeye.

Mtu ambaye hajawahi kuogopa akiwa mtoto hataelewa jinsi nilivyopiga hesabu. Kwanza babu lazima apate habari, nikampa siku moja. Halafu angengoja maji yajae, maana boti haitoki Mbwera maji yakiwa yamekupwa. Angeshuka Nyamisati. Hakupenda magari, kwa hiyo angelala kwa rafiki yake wa zamani pale bandarini, wazungumze, mpaka rafiki aishiwe tumbaku. Kwa mahesabu hayo angefika kwetu Alhamisi, mchana. Sikuwaza hata mara moja kwamba marehemu hapandi boti. Nilichowaza ni kwamba atanikuta sina jibu.

Jumapili sikula. Jumatatu mama alinipima homa kwa mgongo wa mkono, akasema mwili hauna joto, mbona macho yamekutoka? Chooni uani nilikimbia kwenda na kukimbia kurudi. Kuku akikwaruza nyuma ya nyumba, nageuka kutazama mlango. Kibaya zaidi kilikuwa ni kumwona baba akipita sebuleni, akitupia jicho ile kona na kusema, "Alhamisi, Mungu akipenda." Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie, mara tatu nikaomba hela ya kalamu.

Nikaona dawa ni kuyaandika mwenyewe. Nilichukua daftari langu la Maarifa, nikaligeuza nyuma, nikakaa chini ya mkorosho nikayatafuta yale majina kichwani. Hayakuwemo. Hilo lilinitisha kuliko kile kioo cheupe. Nilikuwa nimekaa pale siku zote zile na majina yote yalipita kama maji. Nilichokuwa nacho ni yale maneno ya babu. Nikayaandika hayo, ili nisije nikakutwa mikono mitupu. *Aliyeogopa mamba. Aliyepiga chafya. Wa ukoko. Aliyempenda mke wa mtu. Aliyekataa kuvaa viatu hata siku ya harusi yake.* Zilijaa kurasa mbili, na hapakuwa na jina hata moja.

Alhamisi nilirudi kutoka shule, nyumba haina mtu. Nilikuwa najimiminia maji nikasikia fimbo kwenye kizingiti cha saruji. Kikafuata kikohozi, kile kile, kifupi halafu kirefu. Na harufu ya moshi wa samaki wa Mbwera ikatangulia kuingia.

"Hodi! Hodi humu ndani! Nauliza, hamna watu?"

Kikombe kilinidondoka. Nilijikuta nimeingia chini ya meza ya kompyuta, magoti kidevuni, nalia kwa sauti. "Babu nisamehe! Sikukusudia! Babu sikukusudia kukufuta!"

Mkono ulinishika mguu ukanivuta. Alikuwa shangazi Mwanahawa, dada mkubwa wa baba, amekuja na boti kwa ajili ya hitima, akiwa na kikohozi alichorithi pamoja na fimbo ya marehemu baba yake. Kanga ilikuwa na chumvi ya safari. Alinisimamisha.

"We mtoto, umemfuta nani?"

"Babu. Na wazee wote."

"Umewafuta na nini?"

"Na mausi."

Nilitegemea acheke. Shangazi yangu alikuwa mcheshi, hata msibani alichekesha watu. Hakucheka. Nilipomweleza, alijishusha taratibu mpaka akakaa sakafuni pale pale, akaweka fimbo mapajani, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nayajua ya upande wa mama tu. Ya upande wa baba hakuna mwingine aliyebaki anayeyajua." Hapo ndipo nilipojua kwamba hofu yangu haikuwa ya kitoto.

Baba aliingia ameshika flashi mkononi. Shangazi alinitazama nami nikaelewa kwamba hatanisemea. Nilisema mwenyewe, nimesimama, mikono nyuma, kama ninavyosimama mstarini shuleni. Nilingoja kibao. Baba alikwenda uani, na tukasikia maji yakimiminika kwenye beseni. Alinawa kwa sabuni, akajifuta kwa taulo lake, akarudi, akavua kitambaa, akakikunja mara nne, akawasha.

Zambarau.

Alishika mausi na nikaona mshale unatetemeka kiooni. Nilidhani ni gololi ile chafu. Halafu nikaona ni mkono wake. Alifungua hapa, akafunga, akafungua pale, na midomo yake ilikuwa inataja kitu bila sauti. Baba yangu, ambaye akikohoa tu darasa zima linakaa, alikuwa anaogopa, na hakujua la kufanya zaidi yangu. Sijawahi kuogopa namna ile tena, hata siku ya kujifungua. Kwa babu nilikuwa nimeshapata pa kujificha, chini ya meza. Kwa hili sikuona mahali.

"Hamisi," shangazi alisema kutoka sakafuni. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio karibu na sipiyu. "Hicho kinachonguruma ni nini?"

"Ni feni, dada."

"Feni hiyo naisikia. Mi nasema kingine. Kinazunguka, kinanyamaza, kinazunguka tena. Injini ya boti yetu ikilia hivyo, shemeji yako hagusi kitu kingine, anaangalia kwanza kilichoingia. Humo ndani mna kitu si chake. Kitoe."

Baba alinitazama. Mimi nilikitazama kile kitufe kidogo cha sidii, ambacho kwa siku zote tano sikukikumbuka. Alikibonyeza. Kikatoka kisahani, na juu yake ile sidii, ya moto, yenye maandishi meusi ya Mwalimu Sanga. Kioo kikaganda. Baba alichomoa waya, akachomeka, akawasha, na sote watatu tukangoja jinsi tulivyozoea kungoja. Siku ile uchelewaji wa mashine ile ulikuwa mrefu kuliko Ramadhani. Kisha ikatokea milima ya baba.

Sasa ndiyo kazi yangu, naweza kueleza kwa sentensi moja. Kitu kile kilikuwa kinaendeshwa na sidii yenyewe, hakikugusa chochote cha ndani, na sidii ilipotoka kila kitu kilikuwa pale pale kilipoachwa. Nilikuwa nimebonyeza sawa. Siku tano nilikwenda chooni mbio kwa ajili ya kitu ambacho hakikutokea.

Baba alifungua orodha, akaanza kuisoma kwa sauti tangu juu, na kila jina shangazi akaitikia, "Mungu amrehemu." Alipofika kwa babu alilisoma jina mara mbili. Alivua miwani, akanigeukia, nami kwa kuwa sikujua kama bado nitapigwa, nilimpa daftari la Maarifa kama mtu anayelipa faini. Alisoma ukurasa wa kwanza. Akarudi juu, akausoma tena.

"Wa ukoko," alisema. "Dada, wa ukoko ni nani?"

"Si Mpili bin Ngwele! Mama alikuwa anamfichia sufuria."

"Mimi niliandika majina tu," baba alisema. Hakuwa anasema na sisi. "Mzee alikuwa ananipa vyote viwili, na mimi nikaandika majina tu."

Hakunipiga. Aliniambia nikanawe mikono, akaniweka kwenye kiti kando yake. Mimi nikasoma, shangazi akasema neno hili ni la nani, na baba akachapa pembeni ya jina kwa vidole viwili, mpaka ikabidi akimbie mjini steshenari isije ikafungwa. Wengine hatukuwapata. Mimi sikukumbuka, shangazi hakujua, na wao hadi leo wana jina peke yake. Kesho yake msomaji wa hitima alitaja majina kama ilivyo desturi, lakini nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa wanawake na nilimwona baba kwenye mkeka, karatasi mkononi, akitabasamu mahali pa mamba.

Baba alikwenda mwaka huu, kabla ya mvua, naye akazikwa Mbwera. Ndiyo maana nilikuwa Kibiti wiki iliyopita: Shaabani imeingia na orodha ni yangu. Niliiwasha kompyuta tangu Jumamosi. Mama aliniuliza kila siku kama nimeshaandika, nami nikamwambia mashine nzito. Ukweli ni kwamba nilikuwa nachelewesha kwa makusudi. Nilikuwa nimepiga hesabu. Siku moja ya baba kupata habari kwamba hajaandikwa, moja ya kungoja maji, Nyamisati angelala. Alhamisi nilibaki nyumbani, nikaacha mlango wazi tangu asubuhi, na kila fimbo au kiatu kilipogusa kizingiti nilitazama. Safari hii nisingeingia chini ya meza.

Ilipoadhiniwa magharibi nilikwenda uani nikanawa kwa sabuni. Nikakaa, nikaandika mwisho kabisa: *Hamisi bin Saidi.* Na pembeni yake: *Huyu siku moja aliogopa sana, akanawa mikono kwanza.*